Nilitoka London kwenda kupiga kambi peke yangu Australia, nikaishia kumwendesha mzee wa Tabora

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani, na pole kwetu tulioko huku kwenye baridi.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nyuzi zenu nazisoma kwenye break, nacheka, napita. Leo nimeona niandike yangu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi popote. Kwenye habari za inzi nimepunguza, maana msingeniamini.

Kwanza mnijue. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, Mgogo wa Mpwapwa, naishi Thamesmead, London. Naendesha basi, lile jekundu la ghorofa mnaloliona kwenye picha.

Kazi yangu naipenda. Ila fikiria miaka yote hiyo unaendesha na kila baada ya dakika moja mtu anabonyeza kengele. Unaondoka, unasimama. Unaondoka, unasimama. Mpaka ukilala unasikia kengele.

Sasa kuna video za Waaustralia nilianza kuziangalia. Mtu na gari lake, hema juu ya paa, barabara imenyooka mpaka inaishia mbinguni. Hakuna kituo wala abiria.

Nikasema, hapo ndipo nitakapoenda likizo.

Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa hapa London, nilipomwambia aliniangalia kama nimeugua. Yeye Kiswahili anakielewa chote lakini kukijibu hataki. "Mum, you don't even like picnics."

Nikamwambia picnic ina watu, ndiyo maana.

Rafiki yangu Mwanaidi, Mzanzibari anayekaa Kilburn, yeye ndiye aliyenimaliza kabisa. "Shoga, wewe dereva, unakwenda likizo kuendesha gari? Na Mungu kakupa kitanda kizuri, unakwenda kulala juu ya paa kama paka?"

Nikamwacha acheke. Nikakata tiketi.

Nilishukia Adelaide, nikakodi 4x4 yenye hema juu. Bahati nzuri kule wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo kichwa hakikuchanganyikiwa sana.

Siku za mwanzo nilikaa pwani. Pwani ya kule ina upepo, wakuu. Hema langu lilikuwa linapiga makofi kutwa nzima kama kwaya ya vijana. Sufuria ya wali iliruka nikaikimbilia ufukweni, na wali ulioliwa na ndege siku ile ni mwingi kuliko ulioingia mdomoni kwangu.

Halafu ugonjwa wa kazi ukajitokeza. Niko peke yangu barabarani, lakini nikiona kibanda pembeni mguu unaenda wenyewe kwenye breki. Kuna mahali nilisimama kabisa, nikaangalia kioo nione kama watu wameshuka.

Kutoka pwani nikapanda kwenye milima ya Flinders. Asubuhi milima ile ni ya zambarau, jua likipanda inakuwa kama tofali lililochomwa. Nilikaa kwenye kiti changu cha kukunja nakunywa uji, ndege mkubwa kama mbuni, wao wanamwita emu, akaja akasimama akaniangalia tu. Tuliangaliana mpaka uji ukapoa. Akaondoka na dharau zake.

Baada ya milima, lami ikaisha, nikaingia outback yenyewe, lile jangwa lao la ndani.

Hapa naomba Wagogo wenzangu mnicheke taratibu. Udongo mwekundu. Miti ya miiba, imechoka. Unaona kibao kina jina la mto, ukiangalia chini ni mchanga mtupu. Nimesafiri nusu ya dunia, nimelipa nauli, kuja kuangalia ukame. Mama yangu angekuwa hai angenipeleka kuombewa.

Lakini nilifurahi, siwafichi. Ile harufu ya vumbi ilikuwa ya nyumbani.

Jioni moja, jua bado lipo, nilifika mahali penye magofu ya stesheni ya zamani. Reli iliyokuwa inapita kule waliiacha siku nyingi, zimebaki kuta za mawe na tangi la maji lenye kutu. Pembeni palikuwa na gari moja tu, van nyeupe iliyogeuka nyekundu kwa vumbi.

Nikaanza kutandaza turubai la kivuli. Ardhi ngumu kama saruji. Nagonga kigingi, kinapinda. Nagonga, kinapinda. Inzi wako puani, wako machoni. Nikaanza kukitukana kile kigingi kwa Kiswahili fasaha, maana pale nani atanisikia?

Sauti nyuma yangu ikasema, "Binti, taratibu. Hicho kigingi hakijakukosea kitu."

Nyundo ilinidondoka.

Ni Singasinga mzee, ndevu nyeupe, kilemba cha bluu, kaptula, ndala. Ameshika kikombe cha chai na anatabasamu kama mtu aliyeokota almasi.

"Wewe mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Tabora," akasema. "Na wewe kwa matusi hayo ni mtu wa Dodoma."

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Anaitwa Mzee Gurdip. Baba yake alikuwa mtu wa reli Tabora. Yeye aliondoka kijana, akasomea meno, akatibu meno ya watu London karibu maisha yake yote, huko Southall. Alipostaafu mtoto wake Manjit akamchukua wakaishi pamoja Adelaide. Mkewe, naye mzaliwa wa Tabora, alikuwa amefariki.

"Tulikuwa tunasema Kiswahili mimi na yeye tukitaka watoto wasielewe," aliniambia. "Sasa watoto hawaelewi, na mimi sina wa kusema naye."

Pale alikuja kuangalia reli. Anazizungukia zile stesheni zilizokufa moja baada ya nyingine, anapiga picha, anakunywa chai, anasogea.

Nikamuuliza kama mtoto wake anajua yuko huku.

Akakoroga chai. "Anajua niko kwa binamu yangu Port Augusta."

Yaani mzee karibu na miaka themanini ametoroka nyumbani kama mwanafunzi wa bweni. Nilimtania hivyo, naye akasema afadhali mwanafunzi, akikamatwa anachapwa yanaisha. Yeye akikamatwa atanyang'anywa gari.

Nilikuwa na unga kidogo kwenye begi. Nikasonga ugali, yeye akatoa dengu alizopika na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Kumbukeni nilikwenda kule kutafuta upweke. Tulipiga soga mpaka giza, kila mtu akaenda kulala kwake.

Asubuhi tukanywa chai pamoja. Yeye akasema anapanda kidogo kwenye tuta la reli apige picha ya mwisho kabla jua halijakuwa kali.

Nikasikia mawe yanaporomoka, kisha nikasikia, "Yarabi."

Nilimkuta chini ya tuta amekaa, mguu mmoja umeangalia mahali ambapo mguu hauangalii. Kifundo kimevunjika, hata kipofu angeona. Uso umekuwa wa majivu lakini ananiambia, "Si kitu, binti. Nipe dakika mbili."

Nikamgusa vidole vya mguu. Vilikuwa vya baridi, na rangi yake sikuipenda.

Simu hazina network, si yangu si yake. Gari lililopita mwisho lilikuwa la jana. Kwenye ramani yangu mji mdogo wenye zahanati ulikuwa nyuma tulikotoka, mbali, na njia nzima ni rafu rodi, ile ya mawimbi mawimbi inayotetemesha mpaka meno.

Nilisimama pale nikawaza vizuri. Nikimbeba nitamuumiza. Nikisubiri, labda gari litapita, labda kesho. Na vidole vile vilikuwa vinazidi kupoa.

Nikauzungushia mguu wake mto na godoro langu la kambi, nikafunga kwa mitandio yangu, nikalaza kiti cha mbele. Jinsi nilivyompandisha sielezi, alipiga kelele mara moja tu halafu akaniomba radhi.

Nikaondoka.

Ukiuliza mwenye 4x4 atakuambia rafu rodi unaikimbiza, gari linaelea juu ya mawimbi. Kwa mguu ule nisingeweza. Nilikwenda mwendo wa basi lililojaa bibi waliosimama. Nachagua pembeni palipo laini, shimo naliona mapema, naachia mafuta kabla sijashika breki. Maisha yangu yote nimelalamika kuhusu bibi wa London na vikapu vyao vya magurudumu. Siku ile niliwashukuru mmoja mmoja, wamenifundisha.

Kila tukirukaruka mzee anafumba macho. Akasema, "Sema na mimi, binti. Kiswahili. Usinyamaze."

Nikamsimulia Mpwapwa. Nikamsimulia Mwanaidi na paka wa juu ya paa, akacheka akaumia akaniambia nisimchekeshe. Nikamsimulia ndoa yangu, mwanzo wake na mwisho wake, vitu ambavyo hata Mwanaidi hajui. Maneno yakaniisha.

Basi nikaanza kumtajia vituo vya route yangu, kwa sauti ile ya mashine ndani ya basi, kimoja baada ya kingine, lakini kwa Kiswahili. "Kituo kinachofuata, zahanati. Abiria mwenye ndevu asishuke kabla basi halijasimama." Akawa anabonyeza dashibodi kwa kidole na kutoa mlio kwa mdomo. Ting.

Yaani kengele ilinifuata mpaka huko, na safari hii nilikuwa naisubiri. Ikikawia, namgeukia haraka nione kama bado yuko na mimi.

Tulifika mchana. Nesi wa pale, mama mmoja mpole, aliangalia mguu na hapo hapo akapiga simu ndege ya wagonjwa ije. Alisema tumefanya vizuri kutosubiri.

Kisha akachukua kalamu. "Nimpigie nani wa familia?"

Mzee akajibu upesi, "Sina mtu."

Akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Binti, nakuomba."

Wakuu, hapa ndipo pagumu kuliko rafu rodi yote. Nilijua anachoogopa. Wala si kugombezwa. Ni kukaa ndani tena, kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwelewa akinong'ona peke yake. Lakini nikamwaza Neema, mimi ndiye nimeumia, mtu asiyemjua amekaa na mimi hospitali, halafu anamficha.

Nikamwambia nesi, "Ana mtoto. Anaitwa Manjit. Namba iko kwenye simu yake."

Mzee aliniangalia. "Umeniuza," akasema. Basi. Akageukia ukutani, na mpaka ndege inakuja hakunisemesha tena. Walipompandisha nilimwambia, "Safari njema, mzee." Akavuta shuka mpaka kidevuni.

Safari yangu niliimalizia, maana siku zilikuwa bado. Barabara ilinyooka mpaka mbinguni kama kwenye video, hakuna aliyebonyeza kitu. Nikajikuta naendesha na redio imefunguliwa sana.

Kabla ya kupanda ndege kurudi London nilipitia hospitali Adelaide. Mzee alikuwa amelala, au alijifanya. Manjit nilimkuta kwenye korido, mtu mzima mwenye mvi, macho mekundu. Alinishukuru sana, akachukua namba yangu. Halafu akasema kwa Kiingereza chake cha Southall kwamba van ameshaifuata kule jangwani, iko uani kwake, na wikiendi inauzwa. Hataki hata kuiona.

Nikamwachia salamu za kumpa mzee. Nikaondoka.

Nikarudi kazini na uchungu huo moyoni. Mwanaidi akaniambia, "Umefanya lililo sawa, na lililo sawa halina shukrani. Kunywa chai." Neema aliuliza kama nitaenda tena. Nikamwambia nitaona.

Wiki kadhaa baadaye niko garage, break ya asubuhi, simu inaita. Namba ya Australia. Ni Manjit, anahema. Mguu haukuunga vizuri, mzee amefanyiwa operesheni ya pili, ameamka salama ila dawa za usingizi bado ziko kichwani.

"Kiingereza hataki, Kipunjabi hataki," akasema. "Anaongea Kiswahili tu na anakasirika hatumwelewi. Neno moja tu nimelishika, dereva. Nikadhani ni wewe."

Akaweka simu kwenye sikio la mzee.

"Binti," mzee akasema, sauti nyembamba. "Uko wapi? Tumefika?"

"Tumefika, mzee. Umeshushwa salama."

"Umeniuza wewe."

"Nimekuuza, mzee. Na ningekuuza tena."

Nikasikia anavuta pumzi, kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha kuumia. "Mgogo mkaidi. Haya. Mwambie huyo mtoto asiuze gari langu. Mwambie nitamchukua na yeye, twende wote. Ajifunze kunywa chai nje."

Manjit akarudi kwenye simu. "Amesema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno, sikupunguza hata lile la chai.

Nikasikia Manjit anasogeza kiti. Halafu nikasikia anapenga kamasi.

"Mwambie," akasema, "gari lilinishinda kuliuza. Nimeshaliosha."

Ndugu zangu, somo langu ni dogo. Mzee wako akikudanganya mahali alipo, kabla hujamnyang'anya funguo muulize anatafuta nini huko. Na wewe unayekwenda kutafuta upweke, beba unga wa kutosha watu wawili.

Mlio na wazazi ughaibuni waliobaki na lugha isiyo na msikilizaji, mnafanyaje? Nataka kujifunza kwenu. Na mnaosema hii ni chai, nimeitunga, karibuni pia, mje na vikombe vyenu.