Pweza Laini wa Mgeni

Jua ndilo kwanza linachomoza, na Khmais Ferjani anavuta kamba iliyofungwa mitungi ya udongo. Anachungulia mmoja baada ya mwingine. Anamtoa pweza, anampima kwa mkono, anamrudisha majini.

"Mwache aende, binamu," anatania Ridha, aliyeshika usukani. "Mkeo akimwona, atamwandalia mgeni."

Khmais hacheki. Utani huo anausikia tangu msimu uliopita.

Mvuvi huyu wa miaka hamsini na sita hapa visiwani Kerkennah, Tunisia, hutega kama alivyotega baba yake: mtungi hulazwa chini, pweza huingia mwenyewe akidhani amepata nyumba. Wenye nyavu za kukokota hukwangua majani ya bahari mpaka mchanga ubaki mtupu. Lakini wakifika soko la mji wa Sfax, bara, pweza wote humwagwa meza moja, kwa bei moja.

Ndiyo maana wavuvi wa mitungi waliomba nembo ya uvuvi usioharibu bahari, ambayo wanunuzi wa ng'ambo huilipia zaidi. Sharti kubwa ni moja: pweza asiyefika kilo arudishwe.

Mkaguzi, Ines Gharsalli, alitoka Tunis, akashinda baharini na Khmais na kuridhika. Kilichobaki kilikuwa chakula cha mchana.

Mahbuba, mke wa Khmais, alipika kuskusi kwa pweza. Mkaguzi alikula, akasifu, akauliza pweza alipondwa kiasi gani hata akalainika hivyo.

"Wa mgeni hapondwi, binti yangu," Mahbuba alimjibu kwa fahari. "Wa mgeni huchaguliwa mdogo." Akaonyesha udogo wenyewe kwa kiganja.

Huko ndiko kumkirimu mtu huku kwetu. Mkubwa mgumu huliwa na wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila safari hii mwenyeji aliugua. Ines aliweka kijiko chini, akamtazama Khmais.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka Khmais. "Ningeweza kusema pweza yule nimemnunua. Lakini nilimvua mwenyewe jana yake, kwa ajili ya mkaguzi. Nikamwambia hivyo."

Nembo iliahirishwa kwa wavuvi wote wa mitungi. Wawili kati yao walikata tamaa, wakahamia kwenye nyavu za kukokota. Hilo linamuuma Khmais kuliko utani wa Ridha.

Mkaguzi anarudi mwezi ujao, na nyumbani wamebishana wiki nzima atakula nini. Pweza mkubwa, hata apondwe vipi, Mahbuba hampi mgeni. Mdogo hathubutu tena.

"Nitampikia kuku," anasema, akiangalia pembeni. "Mama mkwe angekuwa hai, angenirudisha kwetu."

Khmais anasema aibu ya kuku ataivumilia, mradi nembo ipatikane. Siku itakapopatikana, atawafuata wale wawili waliohamia kwenye nyavu.

"Walitaka kuivunja mitungi yao," anasema. "Niliwaomba wanipe. Nimewatunzia uani."