Wageni wa Ijumaa

Mwalimu wetu wa darasa la pili husoma matokeo ya upimaji wa kitaifa kuanzia jina la chini kabisa, kidole chake chenye vumbi la chaki kikipanda taratibu. Safari hii watoto kumi na mmoja walipata sifuri katika kusoma, na mwalimu mkuu akataka warudie darasa. "Wanajua kusoma, mkuu," mwalimu wetu alijibu kwa sauti yake ya chini. "Wananyamaza tu mbele ya mtu wasiyemjua." Mpimaji alitoka shule nyingine, na hapa Matongo mtoto aliyelelewa vizuri hapayuki mbele ya mkubwa mgeni. Akaomba apewe mwezi mmoja awazoeshe kusoma mbele ya wageni. Tangu hapo, kila Ijumaa husimama barabarani, mikono ya sweta ameikunja, akisimamisha wapita njia: mchimba dhahabu, muuza dawa za mifugo, mama wa dagaa. "Dakika kumi tu. Kaa, usikilize."

Jana alimleta dereva wa bodaboda mwenye koti zito. Wegesa, mmoja wa wale kumi na mmoja, akasimama mbele yake na kitabu, macho chini. "Soma, mama, mimi siumi," dereva akasema. Mwalimu akageukia dirisha, kama afanyavyo siku zote, asije akamsaidia kwa macho. Kisha Wegesa akasoma ukurasa mzima, akafunua wa pili bila kuambiwa. "Endelea, tusikie mwisho," dereva akasema, "abiria atasubiri." Mlangoni, mwalimu mkuu, aliyekuwa akisikiliza, akakata jina moja kwenye orodha ya wanaorudia. Mwalimu wetu akageuka, macho yamelowa.

"Nani anafuata?" akauliza.