Mpigo wa Fidla ya Pili

Wachezaji wanne wa fidla walinipokea mimi, mtu niliyeishia darasa la saba, wakaniomba niwatungie muziki. Hadi leo, nikipita mtaa wa Mbuya karibu na ukumbi wa kanisa walimokuwa wakifanyia mazoezi, hupunguza mwendo.

Nilikuwa naimba kwaya katika kanisa hilo. Kusoma noti nilifundishwa na baba nyumbani, katika kambi ya polisi. Yeye alipiga tarumbeta katika bendi yao. Kiongozi wa wale wanne alikuwa Mkongo anayeuza vitenge sokoni Nateete. Alipiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Siku moja alisikia wimbo ambao niliipangia kwaya sauti zake, akanisubiri mlangoni.

"Mdogo wangu," akasema, "tuandikie kitu. Si cha kuimba. Cha fidla zetu."

Nilitaka kukataa, lakini hata kukataa kunahitaji kusema. Nikaitikia kwa kichwa.

Niliandika polepole, kwa penseli, nikifuta sana. Nilitaka fidla mbili zifanye kama marimba ya kwa wajomba zangu Busoga. Kule wapigaji wawili huketi wakitazamana, mbao za marimba zikiwa katikati yao. Mmoja hupiga, mwingine hujaza nafasi anazoacha mwenzake, tena upesi, mpaka unasikia wimbo mmoja ambao hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Kwa hiyo fidla ya kwanza niliiandikia juu ya mpigo, na ya pili nikaiweka katikati ya mpigo na mpigo.

Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Kwenye mazoezi ilivunjika kila mara, mahali pale pale. Selo na fidla ya kati hazikuwa na shida. Fidla ya pili ilipigwa na mwalimu wa chekechea, dada mcheshi.

"Banange, jamani, mimi hapa naruka madimbwi!" alilalamika. "Nikimsikiliza huyu napotea. Nisipomsikiliza, napotea zaidi."

"Basi potea kwa sauti ndogo," alisema wa fidla ya kwanza, ambaye ni askari jeshi.

Walikuwa na onyesho Jumapili, na siku ya zoezi la mwisho ikafika. Yule wa selo aliniambia kwa upole, "Tukishindwa leo tutauweka kando, tupige nyimbo tulizozizoea. Usivunjike moyo." Nilielewa. Mtu kama mimi haombwi mara mbili.

Kundi lile lilikuwa na sheria yake. Anayesimamisha mazoezi lazima aimbe sehemu ya yule aliyekwama, ili mtu asilalamikie mzigo asioujua. Mimi sikuwahi kuwasimamisha. Lakini siku hiyo, fidla ya pili ilipoanza kuchelewa, nilikuta mkono wangu uko juu.

"Ehe! Mwenye muziki amesimamisha," alisema askari. "Imba, nnyabo, dada yetu."

Nikainama, nikaimba kwa sauti ambayo labda viatu vyangu ndivyo viliisikia vizuri. Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu alikuwa ananitazama mguu.

"Ngoja," akasema. "Mguu wako unapiga pamoja na noti zangu. Kwenye karatasi mguu ni wa fidla ya kwanza."

"Mpigaji wa pili naye ana mguu wake," nikasema. "Kwake yeye, yule mwingine ndiye anayejaza nafasi."

"Na yule wa kwanza anaonaje?"

"Anaona wa pili ndiye anayejaza."

Askari akashusha fidla yake. "Kwa hiyo wote wawili ni wakubwa?"

"Wote."

"Hiyo jeshini haipo," akasema, na ukumbi ukajaa kicheko, hata mimi nikacheka.

Hapo ndipo nilipoona nilikokosea. Noti nilizojifunza zilikuwa za gwaride, ambako miguu yote hutua pamoja. Nilikuwa nimewalazimisha wapiga marimba wawili watembee kwa mguu mmoja. Nilijaribu kueleza nikakwama, nikasema tu kwamba ukurasa wa mwalimu inafaa niuandike upya, na kwamba mimi huandika polepole.

"Andika," alisema wa selo. "Sisi tunakunywa chai."

Chai ile walikunywa bila kutazama saa. Kwa hilo nawashukuru kuliko kwa lolote. Mwalimu aliketi kando yangu, akashikilia karatasi isipeperushwe na upepo wa dirishani. Zile noti nikaziandika upya, mpigo ukiwa wake.

Kisha wenye fidla mbili wakageuza viti, wakatazamana. Mara ya kwanza waliporomoka. Mara ya pili walifika mwisho, na askari akapiga kelele kama timu yake imefunga bao. Wa selo hakutaja tena kuuweka kando. Alirudi ukurasa wa kwanza, akasema, "Tena. Sasa nisikie mimi naingilia wapi."

Jumapili watu walijaza viti vya mbele tu. Muziki wangu ulipopigwa, mzee mmoja alitikisa kichwa kwa mpigo wa fidla ya kwanza. Mkewe, wamebanana bega kwa bega, alitikisa chake kwa mpigo wa fidla ya pili. Sikuweza kuacha kuwatazama.

Walipomaliza, wa selo aliwaambia watu kuwa mtunzi yumo humu ndani. Niliinuka nusu, nikataka kuketi.

"Simama vizuri, mukwano, rafiki yangu," mwalimu aliniita kutoka mbele. "Wakuone."

Nikasimama.