Mji Mkuu wa Fundi Kiilu

Ukifika Riruta ukamuulizia fundi Kiilu, utaulizwa kwanza, "Yule wa Machakos?" Hilo jina alijipa mwenyewe. Kazi yake ni vitanda na makabati, kando ya Barabara ya Naivasha, na mteja akikubali tu kukaa kwenye benchi, amekwisha.

"Kabla hii Nairobi yenu haijawa kitu, serikali ilikaa wapi?" atamuuliza. "Pwani, Mombasa. Sawa. Na huku bara? Machakos! Ofisi, askari, soko, yote. Hapa kulikuwa na tope na vyura." Kisha ataiweka randa chini. "Reli ndiyo ilituharibia, bana. Ilitupita mbali kule tambarare, ikaja kusimama huku kwenye tope. Wazungu wakafunga mizigo wakaifuata."

Binti yake, Debra, alipokuwa mdogo, Kiilu alimpeleka mjini akamsimamisha mbele ya stesheni. "Mji wetu uliletwa hapa," akamwambia. Mtoto akatazama mabasi, akatazama wauza miwani, akauliza uliletwa na gari gani.

Mkewe, Wahu, ni mzaliwa wa Riruta. Kaka yake Wahu, Ephantus, amemtania Kiilu tangu siku za posa: "Mkamba, mji mkuu ulikuwa kwenu, mkalala! Sisi tukaamka mapema." Na Kiilu alikuwa akicheka kuliko wote, maana mtu akiwa na kwao, utani haumuumi.

Sasa, mwaka jana, wapimaji walikuja na makopo ya rangi. Nyumba yoyote iliyopigwa alama nyekundu ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya reli, na ingebomolewa kabla mwezi haujaisha. Ya Kiilu, vyumba viwili vya mabati, ilipigwa mlangoni. Alisimama akaitazama ile alama mpaka jirani akamshika mkono.

Wahu yeye hakulia. "Wengine wataenda wapi?" alisema. "Sisi angalau tuna kwetu." Akaanza kufunga vyombo kwenye mashuka. Kiilu alienda kazini, akarudi, akala kidogo, akalala akiangalia ukuta. Wahu alidhani anaomboleza nyumba.

Jumamosi Ephantus alikuja kusaidia kubeba. Wahu akachukua simu ampigie Nzioka, kaka mkubwa wa Kiilu, amwambie wako njiani. Kwa vile mikono yake ilikuwa na masizi ya sufuria, aliiweka simu mezani akafungua spika, ikawa inasikika chumba kizima.

"Shemeji, tunakuja nyumbani. Utatutolea magunia kwenye ile nyumba yetu?"

"Nyumba gani, Mama Debra?"

"Si ile tunayolalaga tukija? Tuliyolala wakati wa mazishi ya mama."

"Hiyo ni ya kwangu. Huwa nawaachia tu. Bwana yako alikatiwa shamba lake kule chini, karibu na korongo. Hajapanda hata mti. Kwani hakukuambia?" Kisha akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliochoma, "Lakini karibuni. Wageni hawafukuzwi. Siku mbili, tatu, mtakaa."

Wahu alikata simu kwa kidole chenye masizi. Akamgeukia mumewe.

"Baba Debra. Miaka hii yote ya Machakos, Machakos. Hujachimba hata msingi?"

"Nilikuwa nangoja kazi ikae vizuri."

"Na mimi nikiwaambia watu tuna kwetu, ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia."

Ephantus alikuwa amesimama na godoro kichwani. Nafasi ya utani ilikuwa wazi, na sisi tunaomjua mdomo wake tungeapa hataiacha. Aliiacha. "Nina chumba kimoja nyuma," alisema. "Leteni vitu."

Ndivyo Kiilu alivyoenda kuishi kwa shemeji zake, jambo ambalo kwa mwanamume wa umri wake ni zito, hata watu wakimwekea chai ya kwanza. Mabati yalibomolewa Jumatano. Wahu alimpikia, akamfulia, lakini mazungumzo yalikuwa ya chumvi na maji tu. Pale kwenye benchi, wateja walisubiri vitanda vyao bila hadithi. Mmoja alimchokoza, "Fundi, na Machakos?" Akajibiwa, "Iko."

Juma la tatu Wahu alimletea chakula cha mchana akamkuta anapiga randa mbao nzito za mvule.

"Kitanda cha nani hicho kikubwa?"

"Si kitanda. Ni mlango."

"Wa mteja?"

"Wa kule chini, karibu na korongo."

Wahu aliweka bakuli chini. Alizipitishia mbao zile kidole, moja baada ya nyingine, uso wake ukiwa bado umefungwa.

"Nyumba huanza na msingi, Baba Debra."

"Najua. Jumamosi naenda kuchimba. Lakini leo, hiki ndicho ninachojua kutengeneza."

Wahu hakusema kama atafuatana naye. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akangoja ale amalize.