Asali Iliyozidi Usafi

Mwezi uliopita nilishuka stesheni ya Tabora baada ya miaka mingi, na kabla sijainua mzigo nikajikuta nakitafuta kwa macho kibanda cha bibi yangu. Hakipo, wala sikutegemea kukikuta. Lakini pua yangu, ndugu msomaji, ina ukaidi wake. Nilisimama pale juani nikasikia harufu ya asali yenye moshi, kama vile Mwingereza bado anatawala na mimi ni binti wa miaka minane.

Bibi aliuza asali. Wanaume wa vijijini walimletea madebe kutoka porini, yamejaa masega, nyuki waliokufa na vipande vya magome ya mizinga, naye akaichuja. Huko kuchuja kwake ndiko kulikokuwa balaa. Mara ya kwanza kwa chujio, ya pili kwa kitambaa cha merikani, ya tatu kwa kitambaa kilekile kikishafuliwa na kukauka. Kisha aliinua chupa juani, na akiona kidoa kidogo kama punje ya ulezi, yote ilirudi sufuriani. Chupa zenyewe tulizisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikatuuma. Sisi wajukuu hatukulalamika sana, maana masega yaliyobaki yalikuwa yetu. Tuliyatafuna pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, tukatema nta uani.

Shida ni kwamba asali ya bibi haikuuzika. Gari moshi lilisimama, abiria wakanunua ya wenzake, nyeusi na yenye takataka, yake ikabaki inang'aa tu. Na msimu ule haukuwa wa mchezo. Babu alikuwa amefariki, na kaka yake bibi alishatoa kauli: mvua zikianza kabla biashara haijasimama imara, atakuja kumchukua arudi Urambo, akalime kwake na kula kwake. Bibi hakutaka kula kwa mtu. Kwa hiyo alizidi kuchuja.

Aliyemwambia ukweli ni jirani yetu, mzee wa Kiarabu aliyeuza halua.

"Dada yangu, usinichukie," alisema. "Asali yako imezidi usafi. Watu wanasema umeichanganya na sukari guru."

Bibi, ambaye hakuwahi kutia hata tone la maji, aliinuka. Aliingia chumbani akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akilia. Kwetu Unyamwezi asali hujulikana kwa sega. Mnunuzi akiona nta na bawa la nyuki, anajua imetoka mzingani. Bibi alilijua hilo tangu utotoni, lakini usafi ulimtawala mpaka akalisahau.

Alipotoka alitunyang'anya bakuli la masega. Alikata kipande kimoja kimoja akakitumbukiza katika kila chupa, uso ameukunja kama anayetia uchafu kwenye maji ya kunywa. Nyuki mmoja alielea juu. Akamtazama sana, kisha akamwacha.

Siku hiyo mama mmoja aliyekuwa akienda Tura alichungulia kwenye dirisha la behewa, akaliona sega. "Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Nipe mbili." Tulirudi nyumbani na kapu tupu.

Usidhani alipona kabisa. Mpaka uzeeni aliendelea kugeuza chupa ili upande wenye sega uelekee ukutani, nasi tukazigeuza tena akiwa hatazami. Lakini tangu siku ile alichuja mara moja tu, na najivuna kusema kwamba pale stesheni hakuna aliyetembea kifua mbele kama yeye.

Leo yale madebe hayapo, halua ya jirani haipo, na wengi niliotafuna nao masega wametangulia. Nawakumbuka, na inaniuma. Ila ipo asubuhi moja ya mvua ambayo hakuna wa kuninyang'anya. Kaka yake bibi alikuja kweli pale kibandani, ameshika tiketi mbili za Urambo.

"Shikamoo kaka," bibi alimwambia. "Kaa ule. Nina wateja."

"Marahaba," aliitikia, akakaa. Alikula michembe na asali, akawatazama wateja wakiingia na kutoka mpaka saa ya gari moshi ikakaribia. Hakutaja Urambo hata kidogo. Aliposimama kuaga, aliniita mlangoni, akanipa tiketi ya pili nichezee.