Jiko la Sauna ya Magurudumu

Tarehe 11 Novemba 1991, mahakama ya Kajaani ilimhukumu Ilpo Moilanen, mchomeleaji vyuma mwenye umri wa miaka thelathini na minane, kifungo cha miezi minane kwa kumvunja taya mdogo wake, Tarmo, kwa kipande cha bomba la moshi. Taya ilivunjika mahali pawili. Bomba lilikuwa la jiko la sauna ya marehemu baba yao, chumba cha mbao ambamo watu huoga mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya jiko. Ilpo hakukana hata neno moja la mashtaka.

Baba yao alikuwa mkata magogo, na Jumamosi alikuwa mlevi. Aliwapiga wanawe kwa mkanda, kwa kasia, na mara moja kwa samaki aliyeganda kwa barafu. Lakini katika kijiji cha Pihlajavaara hakuna mwanamume anayeinua mkono wala sauti ndani ya sauna. Humo watu hukaa kama walivyo kanisani, na baba yao, ambaye hakumwogopa mchungaji wala polisi, aliliogopa hilo. Kwa hiyo vijana wale wawili wakisikia pikipiki yake inapanda kilima, walikimbilia sauna na kupanda benchi la juu, kando ya jiko. Baba alisimama mlangoni na mkanda wake, akatukana mpaka sauti ikamkauka. Kizingiti hakukivuka hata siku moja.

Alipokufa, kiwanja cha ufukweni kilimwangukia Tarmo. Tarmo aliibomoa ile sauna ili ajenge nyumba ya mapumziko, akavunja jiko, akayatupa mawe yake ziwani. Ilpo alifika siku ya tatu.

"Mawe yako wapi?"

Tarmo alicheka, akaonyesha maji kwa kidole. Hakuwahi kumaliza kicheko kile.

Ilpo alitoka jela majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Polisi walikuwa wamemnyang'anya kibali cha bunduki, na chama cha wawindaji kilikuwa kimemfuta. Pihlajavaara, mtu aliye nje ya chama hicho ni kama amehama bila kuondoka. Nyama ya hirvi, yule mnyama wa pembe pana mwenye uzito wa ng'ombe dume, hugawanywa humo. Kazi hupatikana humo, na hata habari za msiba husemwa humo kwanza. Mwaka mzima na zaidi Ilpo alikuwa akiingia dukani, mazungumzo yanakatika, ananunua mkate wake mweusi wa nafaka ya rai, anatoka, mazungumzo yanaendelea.

Agosti ya 1993, mwenyekiti wa chama, mzee Unto Heikura, alifika kwenye karakana yake. Hakuketi.

"Nasikia bado unachomelea."

"Vyuma sijawahi kuviacha, Mzee. Watu ndio walioniacha."

"Usinililie hapa. Tuna tela, na juu yake tumejenga chumba cha mbao cha watu wanne. Jiko ndilo hatuna. Haya ya dukani yanakula kuni kama garimoshi, na mtu aliyelowa msituni tangu alfajiri hawezi kungoja nusu siku apate joto."

"Mnataka nini hasa?"

"Nyuzi themanini ndani ya saa moja, kwa mzigo mmoja wa kuni, mzigo wa mikononi. Na lisizidi uzito, tela halina breki. Ukiweza, tunapiga kura kama urudi. Bunduki huna, utakuwa mswagaji, wa kuwafukuza wanyama waelekee kwa wenye bunduki."

"Na Tarmo?"

"Tarmo ni mwanachama. Watakaooga wa kwanza ni nyinyi wawili, peke yenu. Mkitoka kwa miguu yenu, kura inapigwa. Ukimgusa, hata kwa kidole, usikanyage tena uwanja wetu."

Ilpo alilitengeneza jiko la kwanza kwa siku nne. Alikata kipande cha bomba la maji la mjini, chuma cha unene wa milimita nane, akakifunga nyuma, akakitia mlango mbele na bomba la moshi juu. Aliliwasha. Moto uliruka moja kwa moja hadi kwenye bomba, likawa jekundu, na chumba kikabaki baridi. Alilivuta nje likiwaka, akachukua nyundo ya kilo tano, akalipiga mpaka likalala kama karatasi. Kipande cha chuma kilimruka kikamchoma mkono, ngozi ikatoka nacho. Hakuacha kupiga. Jirani yake alisimama barabarani na baiskeli, akageuza, akaenda kutangaza dukani kwamba Ilpo ameanza tena.

La pili alilifikiria kwa wiki nzima kabla ya kuwasha mashine. Ndani, juu ya moto, alichomelea bamba la chuma kama dari fupi, ili moshi ulazimike kurudi mbele hadi karibu na mlango kabla ya kuipata njia ya kutokea nyuma. Chini ya bamba hilo alipitisha mabomba mawili membamba aliyoyatoboa matundu madogo. Yaliingiza hewa ambayo imeshapata moto ukutani mwa jiko, na hewa hiyo ikikutana na moshi, moshi wenyewe unawaka. Siku alipochungulia mlangoni akaona ndimi za buluu zimejipanga kwenye matundu, na nje bomba halitoi moshi wowote, aliketi sakafuni na glavu zake mikononi.

Mawe aliyafuata machimboni: meusi, mazito, makavu, kilo sitini. Aligonga kila moja kwa nyundo. Lililolia vizuri alilipokea, lililotoa sauti nzito alilitupa.

Jumamosi tarehe 11 Septemba tela lilisimamishwa uwanjani mwa chama. Watu kumi na tano walikuja, na soseji za kuchoma. Reijo Tolonen, ambaye ni mkubwa kama mlango na ana mdomo wa kulingana na mwili, alilizunguka lile jiko.

"Fundi wa jela! Hili ni jiko au umetuletea bomu?"

"Ingia wewe kwanza, tujue."

"Mimi taya yangu bado naihitaji, bwana."

Watu walicheka. Orvokki, mke wa Tarmo na mpishi wa chama, hakucheka. Alikuwa anapasua kuni, na macho hayakumtoka shemeji yake. Ilpo aliwasha moto, akaenda kisimani kunawa masizi. Mzee Unto alishika saa. Dakika arobaini na moja baadaye kipimajoto kilisoma nyuzi themanini na sita, na kuni kadhaa zilikuwa bado chini.

"Haya, vueni nguo," alisema Unto.

Waliingia, mlango ukafungwa. Walikaa uchi kwenye benchi moja, ndoo ya maji katikati yao. Tarmo alichota kata, akamwaga juu ya mawe. Mvuke uliwapiga usoni kama kofi.

"Tangu uliponifanyia vile, natafuna upande mmoja kama ng'ombe," alisema Tarmo.

"Hata zamani ulitafuna hivyo hivyo."

Tarmo alikohoa, au alicheka. Alimwaga kata nyingine. "Linawaka vizuri, kaka. La baba lilikuwa linakula toroli zima la kuni."

"Usinitajie la baba."

"Nalitaja kwa sababu nimekuletea." Alionyesha kwa kata. Katikati ya mawe meusi palikuwa na jiwe moja la kijivu, lenye mshipa mwekundu. "Ulipokwenda kunawa nikalipachika. La sauna ya zamani. Jiko jipya lipate jiwe la jiko la zamani, si ndivyo inavyotakiwa?"

Ilpo alilitazama. Watu wa kule wote hufanya hivyo. Hakuna anayehama bila kubeba jiwe. Lakini hubeba jiwe kavu.

"Umelitoa wapi?"

"Ziwani. Nimezamia leo asubuhi, nusura nife kwa baridi."

Miaka miwili majini, na maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakipata moto hulipasua. Ilpo alisimama. "Toka!" alipiga kelele, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kupaza sauti ndani ya sauna. "Toka humu upesi!"

Tarmo, aliyezoea kumwona kaka yake akisimama hivyo, alijikunyata ukutani. Kata iliyokuwa mkononi mwake ilimwagikia mawe.

Jiwe lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Vipande viligonga dari na kuta. Kimoja, chembamba kama kisu, kilimpata Tarmo shingoni, chini ya sikio, na damu ikaruka mpaka kwenye jiko, ikachemka hapo. Ilpo alimkumbatia, akaupiga mlango teke, wakaanguka nje kwenye nyasi. Alimpanda kifuani, akaingiza vidole vyake kwenye jeraha, akakandamiza kwa nguvu zake zote.

Waliokuwa nje walikuwa wamesikia kelele na mshindo. Sasa waliona Ilpo Moilanen, uchi, mwekundu kwa damu, amemkaba mdogo wake koo.

Reijo alifika wa kwanza. Teke lake lilivunja mbavu mbili. "Mwachie, mnyama wewe! Mwachie!" Ngumi ilitoa jino. Ilpo alijaribu kusema, damu ikamjaa mdomoni. Angeweza kumwangusha Reijo. Aliwahi kumwangusha walipokuwa vijana, tena mara mbili. Kwa hilo alihitaji mkono. Aliuinamisha uso wake kwenye bega la Tarmo, akapokea. Watu wawili wengine walimvuta nywele na kiuno. Orvokki alikuja na gogo la koivu, mti wa gome jeupe, alilokuwa hajalipasua bado, akalishusha kwa mikono miwili kwenye bega la kushoto. Mfupa ulisikika. Mkono wa kulia haukutoka.

Hatimaye walimvuta watatu kwa pamoja, wakamng'oa.

Damu ya Tarmo iliruka juu kiasi cha kimo cha mtu aliyeketi, ikamwagikia Orvokki usoni. Ilikatika, ikaruka tena.

"Mrudisheni!" Orvokki alilia, gogo likamdondoka. "Mrudishieni mkono wake! Shemeji, ushike! Shika!"

Ilpo alitambaa, akavirudisha vidole mahali pake. Gari la wagonjwa lilichukua dakika thelathini na nane kufika, na ndani yake alisafiri hivyo hivyo, amefunikwa blanketi la chama. Hospitalini daktari alivikunjua vidole vyake kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekakamaa.

Tarmo alishonwa akapona. Kwa siku kadhaa hakuweza kusema, kwa hiyo aliandika. Jumapili ya tarehe 19 mzee Unto aliisoma karatasi hiyo mbele ya chama: *Jiwe niliweka mimi. Lilitoka majini. Hakunigusa kabla ya hapo.*

"Kwa hiyo mimi nimempiga bure?" aliuliza Reijo.

"Bure kabisa," alisema Unto.

"Basi mkono wangu huu hapa, nakubali."

Orvokki alisimama. "Kanirudishia mume, nashukuru, na gogo lile nitamwomba radhi. Lakini taya ile halikuivunja jiwe. Mimi nakataa."

Kura zilikuwa kumi na moja za kumkubali kwa tatu za kumkataa. Bamba moja la jiko lililokuwa limepasuka kwa mshindo ule lilichomelewa upya. Msimu ulifunguliwa Jumamosi tarehe 25 Septemba, saa moja asubuhi. Ilpo aliingia msituni na waswagaji wa upande wa mashariki, bega likiwa limefungwa, na Reijo alipangwa kutembea kulia kwake.