Ujumbe wa Hafidha ulivyomwaibisha katibu wa Mkuyuni

Saa moja asubuhi, Mazimbu. Hafidha Sufiani, mwandishi wa programu za kompyuta, ameketi kibarazani, kompyuta mapajani, chai inapoa pembeni. Anaandika sentensi, anaifuta. Saa nzima amepata maneno tisa tu, na bado hajayapenda.

"Imeshindikana. Jaribu tena," anausoma ujumbe wa zamani alioutunga mwenyewe. "Mtu mzima na akili zangu, niliandika hivi."

Hafidha, 28, analipwa laki saba kwa mwezi kutunza maktaba ya programu, yaani vipande vilivyo tayari ambavyo waandishi wengine huviunganisha na vyao. Vipande vyake hutuma ombi, kisha simu huendelea na mambo mengine huku jibu likisubiriwa.

Kosa lilikuwa hapo kwenye kusubiri. Kipande chake hakikushikana vizuri na cha wenzake, kwa hiyo ombi lililokuwa bado njiani likahesabiwa limekataliwa. Naye akaona ujumbe mmoja unatosha kwa yote mawili, ombi lililokataliwa na linalosubiri jibu.

"Ni uvivu tu," anasema. "Sina jina lingine."

Aprili mwaka huu, Scholastika Dominiko, katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya Mkuyuni, aliomba lori kwa programu ya simu yenye vipande vya Hafidha. Akasoma kwamba imeshindikana, akawaambia wenzake wasivune. Kesho yake lori likafika, nyanya ziko shambani. Dereva akageuza, nyanya zikaoza.

Wanakikundi wakasema mama kazeeka, simu imemshinda. Wakampokonya daftari la ukatibu mkutanoni.

"Nilipojua, nilitamani ardhi ipasuke," anasema Hafidha. "Nikampigia, shikamoo mama, nikamweleza kosa ni langu. Akaniambia, 'Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi niliaibishwa mbele ya watu. Wewe unanisafisha kwenye simu, tuko wawili. Nani atasikia?'"

Majuto ni mjukuu, na wa Hafidha amekuja mapema. Tangu siku ile amekwisha kuandika upya jumbe 36 kati ya 41, na kila kipande anakijaribu kwanza na vya wenzake. Ule wa Mkuyuni sasa unasema: "Ombi lako halijakataliwa. Bado tunasubiri jibu. Usitume tena, tutakujulisha."

Godfrey, mkuu wake wa kazi, humtania: "Dada, huo ni ujumbe au barua ya posa?" Hafidha hucheka kidogo, kisha huendelea kuandika.

Jumamosi kikundi kinakutana. Mwenyekiti, mzee Leonard, alimwambia yamepita, asijisumbue. Hafidha amekataa. Amekwisha kuomba dakika tano za kusema.

"Nitasimama niwaambie mama alisoma sawasawa, aliyewadanganya ni mimi. Halafu niwaombe wamrudishie daftari lake."

Na wakikataa?

Anainamisha uso. "Nitarudi mkutano unaofuata, niseme tena."